Kusimama Pale Pale

Lois alikuwa mwanamke wa kelele, na kelele zake zilikuwa na kazi. Akishuka mtoni kuteka maji, nusu ya kijiji cha Idsowe ilijua Lois yuko mtoni. Alipiga maji kwa mti mrefu, akatupa madongoa ya udongo, akawatukana mamba pamoja na mama zao waliowazaa, ndipo akainama kuchota. Na kesho yake humkuti pale. Kesho yake utamkuta kwenye liko la juu, keshokutwa kwenye liko la chini penye mgomba ulioanguka, na siku nyingine atachelewa makusudi mpaka jua lishike mgongo. Liko ni pale watu wanaposhukia majini, na mtoto wa mto Tana hufundishwa hata kabla ulimi haujanyooka: usishuke liko moja kila siku, wala saa ile ile kila siku. Mamba si mjinga. Leo anakuona, kesho anakujua, keshokutwa anakungoja. Wanaosema mnyama hana akili ni watu wa maji ya mfereji, waacheni na usingizi wao.

Lois alikuwa na kaka mmoja tu, Zachary, mdogo wake wa kumfuata, na Zachary alikuwa na mke jina lake Rachael. Mawifi hawa wawili walipendana, jambo ambalo watu walikuwa wakilitolea ushahidi kanisani, maana mawifi tunawajua. Walilima shamba moja la ndizi na mahindi ukingoni mwa mto, walipika jiko moja, na wakigombana waligombania nani amebeba mzigo mzito akamwonea mwenzake huruma. Zachary mwenyewe kazi yake ilikuwa kwenye mashamba ya chumvi, njia ya Malindi, akija nyumbani kila alipopata ruhusa. Zachary na Rachael walikuwa na mtoto mmoja, Asinati, ambaye alikuwa bado hajaanza shule lakini ana maneno ya mzee wa baraza.

Ikaja ile mvua ya El Nino. Mwaka wa kabla yake ulikuwa wa ukame, watu walikuwa wameinua mikono kuiomba mvua mpaka mabega yakauma, na mvua ikaja kama mtu aliyetukanwa. Mto ulipanda hata haukupiga hodi. Maji yaliingia kijijini watu wamelala, wakatoka kila mtu na alichoshika, kuelekea barabarani kwenye mwinuko. Lois alikuwa mbele amebeba mama yake mzazi mgongoni, Mungu amrehemu, maana naye hakumaliza mwezi. Rachael alikuwa nyuma amemshika Asinati mkono. Maji yalimfika kifuani, kitu kikampiga miguu, gogo au mnyama hakuna ajuaye, na alipoinuka mkono wake ulikuwa mtupu.

Mtoto hakupatikana. Walitafuta siku nyingi, Zachary alikuja akatafuta mpaka miguu ikaoza kwa maji, wakakosa hata nguo. Hakuna kaburi. Maji yaliposhuka watu walirudi Idsowe wakasimamisha nguzo juu ya tope na kuezeka maturubai ya msaada, wakaanza upya, kwa kuwa watu wa mto wamezoea kuanza upya na hakuna anayewapigia makofi kwa hilo. Kitu kimoja tu hawakukianza haraka: zile nyua za miiba walizokuwa wakizizungushia liko ili mamba asipite. Mto ulikuwa umezizoa zote. Na mamba wenyewe, maji yalipofunika kijiji, walikuwa wamepita uani kama wageni wa harusi, wakaona kila kitu kilipo.

Rachael hakulia. Hilo ndilo lililowatisha watu. Alikaa mlangoni, mkono wa kulia ameukunja ngumi, ule ule uliomwachia mtoto, na hakuukunjua hata kwa kula. Alikula kwa kushoto, kijiko kimoja, viwili, basi. Usingizi ulimpaa kabisa. Alikonda kama ng'onda. Mtoni hakusogea, na upepo ukivuma kutoka huko alijifunika leso usoni. Pumzi zake zilikuwa fupi, za juu juu, kama za mtu aliyekimbia, na Lois akilala upande wa pili wa pazia alizisikia mpaka jogoo. Hospitalini kule mjini Garsen daktari alimwambia huo ni msongo wa mawazo, akampa vidonge, navyo vikamlaza kama gogo na kumwamsha akiwa vile vile. Vilipokwisha hakuna aliyerudi kuvitafuta.

Zachary ruhusa ilikwisha, ikambidi arudi kwenye chumvi. Asubuhi ya kuondoka alimvuta Lois pembeni, nyuma ya jiko, akashika nguzo. Akasema, "Dada, mtoto nimempa Mungu. Huyu sijampa. Nishikie asinipotee." Lois akaapa. Aliapa kwa jina la mama yao ambaye udongo wake ulikuwa bado mbichi, na kiapo hicho kilimkaa kifuani kama tonge lisilopita.

Ndipo wakasikia habari za Barwako. Huyu alikuwa msichana mrefu wa buibui, mshauri wa watu waliopatwa na mafuriko, aliyeletwa na shirika moja kutoka upande wa Garissa. Alipokuwa chuoni Nairobi alifundishwa na mzee mmoja Mchina namna ya kupumua na kujongea ambayo kwao ni ya kale sana. Wachina wanaiita chigong. Wanawake waliokusanywa kule Garsen kwenye ukumbi wa mabati waliliona jina gumu, wakaita tu pumzi. "Leo unakwenda pumzi?" "Nakwenda." Mambo yakaisha.

Lois alimburuta Rachael mpaka huko, na siku ya kwanza yeye mwenyewe alitaka kucheka. Wanawake wazima, Wapokomo wakulima kwa Waorma wafugaji, wamesimama miguu imeachana, magoti yamelegea, mikono imeinuliwa mbele kana kwamba kila mmoja amekumbatia mtungi usioonekana. Barwako anasema vuta pumzi kwa pua ishuke mpaka chini ya kitovu, achia polepole, usiisukume. Inua mikono kama unaibeba mbingu. Shusha. Vuta kama unavuta upinde. Geuka utazame nyuma. Mama mmoja Muorma aitwaye Darmi, mtu wa mzaha, aliuliza kama hii ni ibada ya Wachina, kwa sababu yeye kusimama na kuinama anakufanya mara tano kwa siku na hana nafasi ya sita. Barwako akamwambia si dini, ni mwili tu, hata ng'ombe akiogopa sana hupumua juu juu na akitulia pumzi hushuka. Darmi akasema ng'ombe wake wote walitulia siku nyingi, ukame ulichukua nusu na mafuriko yakamaliza. Watu wakacheka kile kicheko cha watu ambao wote wamefiwa.

Rachael hakucheka wala hakufanya. Alisimama tu na ngumi yake. Lakini Lois alimrudisha, na akamrudisha tena, na mchana mmoja Barwako alikuja akasimama mbele yake bila kumgusa, akapumua mbele yake, kwa sauti, polepole sana, mpaka Rachael akajikuta anamfuata. Pumzi ilishuka. Lois aliiona kwa macho yake inashuka, mabega yakilegea, shingo ikilegea, na mkono ukafunguka. Kiganja kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kina alama za kucha. Rachael akakitazama, akalia. Alilia kilio kile ambacho walikuwa wanakingoja tangu maji yashuke, na wanawake wale, Waorma kwa Wapokomo, wakamzunguka wakalia naye. Jioni ile alikula sahani nzima ya wali, akalala mpaka Lois akaenda kumwekea kiganja puani kuhakikisha yu hai.

Jamani, Lois alifurahi. Alimpigia kaka yake simu akapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akamwambia mkeo amekula, mkeo amelala, mkeo ameniuliza kama nimesuka nywele na nani aliyenisuka vibaya hivi.

Barwako aliwapa kazi ya nyumbani. Kila siku, alfajiri, mtu ajifanyie mwenyewe. Na alilisisitiza hili: mahali pale pale, wakati ule ule. "Mwili ni kama ng'ombe," alisema. "Ukimpitisha njia moja kila siku, mwisho anakwenda mwenyewe, huhitaji fimbo." Waorma waliitikia kwa vichwa, maana lilikuwa neno la kwao. Lois naye aliitikia. Hakuwaza lolote.

Rachael alijaribu uani. Uani kuna mbuzi wa jirani, kuna redio, kuna watoto wanaoiga kila unalofanya kisha wanaanguka kwa kucheka. Alfajiri moja Lois aliamka akakuta mkeka wa wifi yake mtupu, akatoka mbio bila viatu. Alimkuta mtoni. Rachael, ambaye tangu mafuriko hakuuthubutu ule mto hata kwa macho, alikuwa amesimama kwenye liko la kati, juu ya tope, hatua chache kutoka majini, macho ameyafumba, mikono ameinua kama ameibeba mbingu. Ukungu ulikuwa juu ya maji. Lois alifungua kinywa amtukane, akauona uso wake, akakifunga. Ulikuwa uso wa Rachael wa zamani, wa kabla. Lois hakuwa na matumaini ya kuuona tena uso ule hapa duniani, na sasa huu hapa. Alisimama akangoja amalize.

"Hapa napumua naye," Rachael alimwambia alipofumbua macho. "Kwingine kote napumua peke yangu."

Ungejibu nini wewe? Lois alimwachia siku ile na siku iliyofuata. Halafu mtu wa mto ndani yake akaamka, akamwambia Rachael wazi kabisa, wifi, unajua unachokifanya? Liko moja, saa moja, nyua hakuna. Rachael alikubali, hakuwa mkaidi. Akahamia liko la juu. Akasimama kule akatetemeka, pumzi ikakataa kushuka, akarudi nyumbani ngumi imekunjwa, na usiku ule Lois alizisikia tena zile pumzi fupi nyuma ya pazia mpaka jogoo. Mchana wake hakula. Lois akatazama ngumi ile, akakumbuka kiapo, akasema haya, rudi kwenye liko lako. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Lois methali hiyo alikuwa akiwaambia wengine kila siku.

Alijipa kazi ya ulinzi. Kila alfajiri walishuka pamoja, Lois mbele na mti wake na panga lake. Alipiga maji, akatupa madongoa, akatukana sawasawa, ndipo Rachael akasimama mahali pake na Lois akasimama kando, macho majini, panga mkononi. Alijiona ameupatia mto ujanja. Mto una sheria zake, na yeye ana mti wake. Alikuwa anachoka, hilo kweli, kwa sababu mchana ni jembe na usiku analala jicho moja asije Rachael akashuka peke yake. Lakini wifi yake alikuwa ananenepa. Alikuwa anaimba akiosha vyombo. Kule ukumbini Barwako alimweka mbele awaongoze wenzake, na Darmi alimwita mwalimu.

Siku moja Rachael alimwomba, kwa upole sana, asipige maji tena.

Lois aliuliza kwa nini.

"Ukipiga maji, wifi, mtoto anakimbia. Inanichukua muda mrefu mpaka arudi."

Lois alijua pale pale kwamba hapo ndipo mahali pa kukataa. Angeweza kumshika mkono akampandisha nyumbani akamfungia. Lakini angemfungia na nini? Na zile pumzi? Na ile ngumi? Alimtazama mwanamke yule aliyerudi kutoka kaburini, akaona kwamba akisema hapana anamrudisha alikotoka, na yeye hana nguvu za kumtoa mara ya pili. Akauweka mti chini. Kuanzia siku ile hakupiga maji wala kutupa madongoa, na matusi akayameza. Akabaki na panga na macho.

Kulikuwa na mvushaji mmoja, Danson, mwenye mtumbwi, mtu mkavu asiyependa maneno. Aliwapita mara kadhaa alfajiri akielekea ng'ambo kuchukua watu, na kila mara aliacha kupiga kasia akawatazama. Mchana mmoja alimfuata Lois shambani. Akasimama mwisho wa tuta, hakusalimu hata. Akasema, "Mama, yule mnamfuga. Mnamzoesha kama kuku." Lois akamuuliza nani anafuga nini. Danson akasema yuko mmoja mkubwa, analala chini ya ukingo wa ng'ambo, na siku hizi alfajiri hayuko ng'ambo.

Lois alimtukana Danson. Alimtukana kwa ukoo wake, kwa mtumbwi wake unaovuja, kwa mkewe aliyemkimbia. Mtu akikuambia kweli ambayo umeilalia, utamtukana hivyo hivyo. Danson aliondoka zake, na Lois aliinama akalima tuta lile mara ya pili bila kujua kwamba alikuwa amekwisha kulilima.

Alinuia kumweleza Barwako. Alifika ukumbini akiwa ameyapanga maneno, lakini siku hiyo wageni wa shirika walikuwa wamekuja, na Rachael amewekwa mbele, anaonyeshwa kama mfano, watu wanampigia makofi. Lois aliona haya. Aliuliza kwa kuzunguka tu, je, mtu anaweza kufanyia ndani ya nyumba? Barwako akasema anaweza, anaweza popote, mahali ni popote mwili utakapozoea. Barwako hakujua. Kwao, nyikani mbali na mto, maji ni ya kisima, na kisima hakina meno. Njiani Lois alimrudishia Rachael maneno yale, na Rachael akamshika kiuno akacheka, akasema mwili na uzoee mto basi, si umekwisha kuzoea?

Mvua ilinyesha huko juu, mbali, wao Idsowe hawakuona tone. Walishuka alfajiri kama kawaida wakakuta mto umepanda. Haukupanda kwa kutisha, ulikuwa umesogea tu, umekula tope lote lililokuwa mbele ya liko, na pale mahali pa Rachael maji yalikuwa yanalamba. Rachael alivua ndara akasimama pale pale. Maji yalimfika kwenye vifundo. Lois akasema, rudi nyuma kidogo, wifi. Rachael akasema mahali ni hapa, mimi sikusogea, mto ndio uliosogea. Alisema kwa mzaha, na wote wawili wakacheka.

Kisha Rachael alimgeukia akamwangalia vizuri, kama mtu anayemwona mwenziwe kwa mara ya kwanza baada ya ugonjwa mrefu. Akamwambia, "Umezeeka kwa ajili yangu. Mama umemzika, hujalia. Leo simama na mimi. Mara moja tu."

Hakuna aliyewahi kumwambia Lois neno kama hilo. Tangu mafuriko watu wote walimwambia kaza moyo, shikilia, wewe ndiwe nguzo. Lois akalaza panga kwenye nyasi, akasimama nyuma ya wifi yake, juu kidogo ya ukingo mahali pakavu, akaachanisha miguu, akalegeza magoti. Akafumba macho.

Mwanzoni alisikia kila kitu, ndege, matete, maji yakipita. Akavuta pumzi kwa pua, ikashuka, ikapita lile tonge la kiapo lililokuwa limemkaa kifuani, likalegea likashuka nayo. Akaachia. Mbele yake alisikia Rachael anaachia pia. Akainua mikono kama anaibeba mbingu, na mama yake akamjia, si yule wa mgongoni kwenye maji, mama yake wa zamani anayepepeta mchele na kusema maneno ya kuchekesha. Machozi yakamtoka, ya moto, matamu. Mabega yakashuka. Hakuwahi, tangu azaliwe, kupumzika vile. Na hili ndilo linalomla mpaka leo, ndugu zangu, na litamla mpaka aingie kaburini: kwamba wakati ule ule Lois alikuwa na furaha.

Alisikia maji yakigeuka. Sauti ndogo, kama ya mtu anayejigeuza kitandani. Akafikiri ni samaki.

Alipofumbua macho hakukuwa na mtu. Zilikuwapo ndara mbili kwenye nyasi, na maji yakizunguka pale mahali, yana tope, halafu hata tope likachukuliwa. Lois aliita. Aliita mara moja kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akachukua panga akaingia. Danson ndiye aliyemkuta, amezama mpaka kiunoni, anapiga maji kwa bapa la panga, anamtukana mamba na mama yake aliyemzaa, matusi yote aliyokuwa ameyameza alfajiri zile zote, na watu wanne walihitajika kumtoa.

Rachael alipatikana upande wa chini wa mto, kwenye matete. Ni Danson aliyempata na ni Danson aliyemfunika, akakataa katakata kumwonyesha mtu yeyote isipokuwa uso. Uso haukuwa na jeraha. Walimzika kwenye kilima cha kanisa ambako maji hayafiki. Barwako alikuja na wanawake wa ukumbini, Darmi na wenzake, wakasimama upande wao na buibui zao, wakalia kwa sauti ya chini. Barwako alimkumbatia Lois akamuuliza ilitokea vipi. Lois akamwambia kwamba wifi yake alikwenda kuteka maji.

Zachary alifika siku ile ile ya maziko, chumvi bado iko kwenye nywele. Hakusema na mtu mpaka watu walipopungua. Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili ya matanga, wazee wanakunywa chai chini ya turubai, alipokuja jikoni akakaa chini mbele ya dada yake, juu ya gogo la kuni. Macho yake yalikuwa mekundu na pumzi zake fupi, za juu juu. Lois alizijua pumzi zile.

"Ulikuwapo," Zachary alisema.

"Nilikuwapo."

"Alipiga kelele?"

"Hakupiga."

"Aliogopa, dada? Niambie kweli. Hilo tu ndilo nataka kulijua."

Lois alimtazama mdogo wake. Alikuwa amekusudia kumwambia yote, aliamka nayo siku ile ulimini, mti na panga na macho yaliyofumbwa. Lakini swali lililoulizwa halikuwa hilo, na jibu la lililoulizwa lilikuwa kweli. Akasema, "Hakuogopa, kaka. Hofu ilikuwa imemtoka yote."

Na Zachary akainama, uso kwenye magoti, akasema Bwana asifiwe, Bwana asifiwe, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Alishika mikono ya dada yake, mikono yote miwili, akaibusu. Akasema tangu apigiwe simu alikuwa anamwona mke wake akifa kwa hofu ile ya mwanzo, ya mafuriko. Akasema, "Wewe ndiwe uliyemtoa hofu. Nilikuachia mgonjwa, ukamfanya mtu. Mungu akulipe, dada yangu, mimi sitaweza." Aliyasema kwa sauti, wazee wakasikia, na mmoja akaitikia amina.

Lois hakuitoa mikono yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu wa mto aliyetolewa hofu yake amevuliwa nguo mbele ya mamba, hilo wazee wale wote walilijua, na hakuna hata mmoja aliyelisema, ama kwa huruma ama kwa kutofikiri. Angemwambia Zachary sasa, angemnyang'anya kitu pekee kilichobaki mkononi mwake. Akanyamaza, na alijua kwamba amenyamaza kwa maisha yote.

"Silali," Zachary akasema. "Tangu siku ile silali kabisa. Nifundishe na mimi ile pumzi mliyokuwa mnaifanya."

Hakukuwa na namna ya kumnyima bila kumweleza. Lois akainuka. Akampeleka uani, mbali na mto iwezekanavyo, karibu na ukuta, akamwambia aachanishe miguu, alegeze magoti, avute kwa pua ishuke mpaka chini ya kitovu, aiachie bila kuisukuma. Sauti yake haikutetemeka. Zachary alifumba macho. Mwanzoni pumzi ilikataa, kisha ikashuka, mabega yakalegea, machozi yakaanza kumtiririka bila kelele, na muda si mrefu magoti yakamwishia akakaa chini, akaegemea ukuta, akalala.

Lois alimfunika leso. Akachukua gogo akaketi kando yake, mgongo ukutani, uso upande wa mto. Watu wa matanga walikuja wakaaga mmoja mmoja, naye akawajibu kwa mkono ili asimwamshe. Zachary alilala mpaka jioni. Lois alikaa macho.